Sachi ilitoka safi, aliyeuza ndo hakuwa mwenyewe: kisa cha ploti ya Bamburi

Nataka nikieleze hiki kisa mwanzo mpaka mwisho manake kila anayekisikia anauliza swali lile lile la sachi, yaani kuangalia kwenye rejista ya ardhi ploti ni ya nani, "kwani hawakufanya sachi?" Walifanya. Na ikatoka safi kabisa. Watu wengi bado tunadhani tapeli wa ardhi ni yule anayekuuzia hati ya kuchapishwa kichochoroni, au ploti ambayo ukienda kuiona unakuta ni uwanja wa shule. Huyu wa kisa hiki aliuza ploti iliyopo, hati imetoka kwa msajili mwenyewe, nambari inasoma kwenye rejista, na jina la kwenye rejista ndo lile lile lililoko kwenye kitambulisho alichokuwa nacho mfukoni. Cha uongo kilikuwa kimoja tu, yeye mwenyewe.

Majina siyataji na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili wahusika wasijulikane, lakini mwendo wa mambo ndo huo. Mnunuzi ni mama anayeuza nafaka kwa jumla pale soko la Kongowea, na pesa nyingi zilikuwa za mdogo wake wa kiume aliyeko Qatar. Walikuwa wanatafuta ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Bamburi, hapa Mombasa, wajenge nyumba za kupangisha. Majirani pale walikuwa wanaitisha milioni saba, dalali akawaletea ya milioni nne na laki mbili. Kwa nini rahisi hivo? Ati mzee mwenyewe mgonjwa wa moyo, anataka kwenda India kufanyiwa operesheni, watoto wako mbali, pesa inatakikana haraka. Na hapa pwani nani hajawahi kuchangia mtu wa kwenda India? Hiyo hadithi moja ilifanya kazi tatu kwa mpigo, ilieleza bei ya chini, ilieleza haraka, na ilimfanya mama wa watu aone haya kumhoji mgonjwa.

Sasa mwenye ploti halisi. Ni mzee wa hapa hapa Mombasa aliyeinunua 1986, alafu akahamia Muscat, Oman, kwa watoto wake na huku akawa anakuja mara moja moja. Ploti ina ukuta na geti, kuna mlinzi anayelala pale usiku, na mpwa wake anayekaa mtaa wa Majengo ndo anamlipa mlinzi na kulipa reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, kila mwaka. Hati yenyewe iko kwenye kasha la chuma Muscat, haijawahi kupotea hata siku moja. Hana deni la benki juu yake, hana kesi, hana zuio lolote. Yaani ni mali iliyotulia, na kwa matapeli utulivu huo ndo unawavuta.

Manake rejista ya ardhi ni ya kila mtu. Mtu yeyote mwenye nambari ya ploti anaweza kuomba sachi, analipa ada ndogo, na anaambiwa mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo au kaveati, yaani zuio lililowekwa kwenye rejista. Ilivyokusudiwa ni kumlinda mnunuzi, na ni jambo zuri, lakini mwizi naye anaipata karatasi ile ile. Alafu huku kwetu hati nyingi za zamani, zile zilizoandikishwa chini ya sheria za kabla ya 2012, zinamtambulisha mwenye mali kwa jina na sanduku la posta basi. Hakuna picha, mara nyingi hata nambari ya kitambulisho hakuna. Ukishapata ploti ambayo mwenyewe ni jina moja tu na sanduku la posta la Mombasa ambalo huenda halifunguliwi tena, unachohitaji ni mzee wa kulivaa hilo jina.

Wakampata. Wakamtengenezea kitambulisho cha jina hilo. Alafu mzee huyo akaenda polisi kuripoti kwamba hati yake imepotea, akapewa abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti, akala kiapo mbele ya wakili kwenye afidaviti, akapeleka ombi kwa msajili wa ardhi apewe hati nyingine. Utaratibu huo uko kisheria, kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: inatolewa notisi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu wanapewa siku 60, asipotokea wa kupinga hati mpya inatolewa. Gazeti hilo linatoka kila Ijumaa. Hebu jiulize mwenyewe, mara ya mwisho ulilisoma lini? Mzee wa watu yuko Muscat anacheza na wajukuu, mpwa yuko Majengo na shughuli zake, siku 60 zikapita kimya, hati ikatoka. Ndo maana nasema hati haikuwa feki. Aliyepewa ndo hakuwa mwenyewe.

Wakakutana ofisi ya wakili mjini. Wakili alitafutwa na dalali, na alikuwa mmoja kwa pande zote mbili, "tupunguze gharama." Mzee akaja na kofia yake ya vito na fimbo, kijana akimshika mkono, akatambulishwa kuwa mwanawe wa mwisho. Mama ananiambia alimwonea huruma tangu alipoingia mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Samahani nimewakalisha, pumzi yenyewe hii ya kuhesabu."

Akaongea vizuri mno, akamwombea baraka, akasema hiyo ploti aliinunua akiwa kijana na hakutaka kuiuza ila Mungu akipanga huwezi kupangua. Kitambulisho akatoa, pini ya KRA, ile nambari ya mlipa kodi, akatoa, picha za pasipoti akatoa, akatia sahihi na kidole mbele ya wakili. Sachi ikafanywa siku hiyo hiyo ikatoka na jina lake, hakuna mkopo hakuna kaveati. Mama akaomba waende wakaone ploti pamoja na mzee, wakaenda, lakini mzee alibaki kwenye gari barabarani kwa sababu miguu haimbebi, kijana ndo akashuka akawaonyesha ukuta kwa nje. Geti lilikuwa limefungwa, "mlinzi ana ufunguo, huja usiku." Ilikuwa saa tano asubuhi. Hawakurudi usiku.

Malipo yakaenda hivi. Asilimia 10 ya kwanza, yaani 420,000, ikapitia kwa wakili kama kawaida ya mauzo. Baada ya wiki moja simu ikaja, hospitali ya India inataka dipoziti, mzee anaomba aongezwe milioni moja na nusu moja kwa moja kwenye akaunti ya mwanawe kwa sababu yake ina matatizo. Mama akasita, akampigia nduguye Qatar, nduguye akasema mzee wa watu asije akafa kwa sababu yetu, tuma. Zikatumwa. Akalipa na ushuru wa stampu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, 168,000, uhamisho ukasajiliwa, hati ikatoka kwa jina lake. Zilibaki 2,280,000 za kulipwa ndani ya siku 14. Na hizo ziliponea kwa jambo dogo tu, ndugu wa Qatar alitaka kwanza aone picha za ploti kwa ndani, na fundi amesimama ndani yake anapima.

Mama akaenda na fundi jioni moja wakamkuta mlinzi. Mlinzi hakubishana, alichukua simu akampigia mpwa. Mpwa akaja na bodaboda kutoka Majengo na bahasha ya risiti za reti za miaka na miaka, na kwenye simu akawa na picha ya hati ya 1986 aliyotumiwa na mjomba wake saa hiyo hiyo. Mama naye akatoa yake. Nambari moja, ploti moja, hati mbili. Mpwa akampigia mjomba kwa video, akamgeuzia simu mama amwone. Akamwona mzee mwengine kabisa, mweupe wa nywele, mrefu wa uso, anauliza kwa upole, "mwanangu, nani kakuuzia?"

Namba ya dalali ilikuwa bado inaita usiku ule. Kesho yake ilikuwa imezimwa.

Sasa twende kwenye sheria manake hapa ndo mama aliumia mara ya pili. Yeye alidhani akiwa na hati kwa jina lake, amelipa, hana hatia, basi atalindwa. Kifungu cha 26 cha ile ile Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema hati ni ushahidi wa kwanza kwamba wewe ndo mwenyewe, lakini inaweza kufutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ulaghai ambao wewe mwenyewe ulishiriki. Ya pili ndo nzito: kama hati ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Kwenye hiyo ya pili haisemi lazima wewe uwe ulishiriki. Mahakama zetu zimekuwa zikisema hivo hivo, ukishaulizwa mzizi wa hati yako haitoshi kuipunga hewani, lazima ueleze ilivyotoka mkono kwa mkono tangu mwanzo na kila mkono uwe safi. Mfano mkubwa kabisa umetoka hapa hapa kwetu, kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ya kiwanja cha ufukweni Nyali. Kaunti ilibomoa ukuta 2017 ikisema ile ni nafasi ya umma ya kwenda baharini, kampuni ikasema sisi tumenunua na tuna hati. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kama mgao wa kwanza kabisa ulikuwa na kasoro basi aliyenunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya "mimi sikujua". Kesi ile ni ya ardhi ya umma na hii ni ya mtu binafsi, najua, lakini msingi unamgusa mama vile vile, aliyekuuzia kama hakuwa na kitu hawezi kukupa kitu.

Kwa hivyo ploti anarudishiwa mwenyewe, na mama anabaki kuwafukuzia matapeli pesa. Jinai ipo na ni kali, kughushi hati ya ardhi kwenye Kanuni za Adhabu kifungo chake kinaweza kufika maisha, lakini mtu kufungwa na wewe kurudishiwa milioni mbili ni mambo mawili tofauti. Ile akaunti ya "mwanawe" ilikuwa imekaushwa siku ile ile pesa zilipoingia.

Nimekaa na huyu mama na mpwa tukaipitia faili yote karatasi kwa karatasi, na kinachoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo, ila zote zilikuwa kwenye mtu, na wao walichokuwa wakikagua ni ardhi. Kitambulisho chenyewe. Mzee wa miaka sabini na kitu ana nambari ya tarakimu nane inayoanza na tatu, kama ya kijana. Ukipoteza kitambulisho Kenya unapewa kingine lakini nambari haibadiliki, kwa hivyo wazee wengi nambari zao ni fupi, tarakimu saba au hata sita. Si ushahidi kamili, kuna wazee walichukua vitambulisho wakiwa wakubwa, lakini ni swali, na swali hilo lingepelekwa mahali. Benki wanathibitisha vitambulisho kwenye mfumo wa serikali, na wakili anayejali kazi yake ana njia ya kuthibitisha pia. Polisi walipokuja kuangalia, nambari ilikuwa ya kijana mwengine kabisa asiyejua lolote. Yeye naye ameibiwa nambari yake, na amehojiwa kama mshukiwa, jambo ambalo watu hawalifikirii.

Pini ya KRA nayo. Cheti cha pini kina tarehe. Cha huyu mzee kilikuwa kimesajiliwa wiki chache kabla ya mauzo. Mtu amekuwa na mali tangu 1986 na pini ni ya mwezi jana, inawezekana, hasa kama alikuwa ng'ambo, lakini huyu alisema hajawahi kutoka Mombasa.

Alafu hati. Ilikuwa mpya. Ploti ya 1986, hati ya mwaka huu. Hili peke yake ningeliwekea alama nyekundu, si kwamba kila hati mbadala ni ya wizi, hapana, hati zinaliwa na mchwa, zinachomeka na nyumba, zinapotea kwenye kuhama. Lakini ukiona hati mbadala unatakiwa uitafute ile notisi ya Gazeti la Serikali, iko bure kwenye mtandao, uone ni lini na imesemaje, alafu uombe nakala za faili ya ploti, si sachi ya ukurasa mmoja tu. Kwenye faili kuna karatasi za uhamisho wa 1986 na sahihi ya aliyenunua. Sahihi ile mama aliiona kwa mara ya kwanza baada ya kuibiwa. Ya zamani imeandikwa kwa Kiarabu. Ya mzee wa ofisini ni herufi za Kizungu, moja moja kama mtoto wa shule.

Na reti, hapa sijui nisemeje. Kwenye kila uhamisho lazima upate cheti cha kaunti kwamba hakuna deni la reti. Walikipata bila shida kwa sababu mpwa alikuwa amelipa! Pesa zake ndo zilimsafishia mwizi njia. Lakini kama mtu angemwomba mzee risiti za zamani, hata za miaka mitatu minne tu, angetoa wapi? Mwenye ploti ana risiti. Anamjua mlinzi kwa jina na anajua jirani wa nyuma ni nani na aliwahi kugombana na nani kuhusu mpaka. Jirani wa ukuta kwa ukuta pale ni mama mtu mzima aliyekaa tangu miaka ya tisini, alimjua mzee, alimjua mpwa, na angetoa jibu kwa kikombe kimoja cha chai. Hakuna aliyebisha mlango wake. Mimi naamini huyo jirani alikuwa na thamani kuliko karatasi zote za faili ile.

Hapa Mombasa hasa hili la kuuliza watu haliepukiki, kwa sababu ardhi yetu ina historia yake. Tuna nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, watu wanalipa kodi ya kiwanja tangu enzi za babu. Tuna wakfu ambazo haziuziki. Tuna mali za marehemu ambazo warithi hawajamaliza kugawana, na mali kama hiyo mtu hawezi kuiuza kabla mahakama haijathibitisha usimamizi. Karatasi ya sachi haikwambii haya yote, mtaa ndo unakwambia.

Wakili mmoja kwa pande mbili nalo sikubaliani nalo hata kidogo. Mama hakuwa na mtu wa kumwambia "subiri". Wakili yule yupo kweli, ana cheti cha mwaka, hilo unaweza kulithibitisha kwa Chama cha Mawakili, na sisemi alikuwa kwenye njama. Nasema aliletwa na dalali, alilipwa mauzo yakikamilika, na kila mtu ndani ya chumba kile alikuwa anataka yakamilike.

Upande wa mwenyewe pia kuna la kusema, manake wengi wetu tuna mjomba au shangazi yuko Muscat au Jeddah au London na ana ploti huku. Mpwa alifanya kila kitu cha mtu muaminifu, alilipa, alilinda, na bado ploti ilihamishwa chini ya miguu yake, kwa sababu hakuwa na hadhi yoyote kisheria. Sai mjomba amemwandikia mamlaka ya uwakilishi, imetiwa sahihi mbele ya notari Muscat na kusajiliwa huku. Msajili naye ameweka zuio kwenye rejista, anaruhusiwa na kifungu cha 76 cha sheria ile ile kuzuia ulaghai, kwa hivyo hakuna kinachoweza kusajiliwa tena hapo kabla ya kesi kuisha. Mpwa amejiwekea tabia ya kuomba sachi ya ploti ya mjomba wake kila baada ya miezi michache, na anapitia notisi za hati zilizopotea za Mombasa kila Ijumaa. Amewafundisha na vijana wawili wa mtaani kwake ambao wazazi wao wako nje.

Kesi iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mama ameamua hatapigania hati, wakili wake mpya, wa kwake peke yake safari hii, amemshauri akubali ifutwe mapema ili asiunganishwe na wezi wala asilipe gharama za mwenye mali, na nguvu zote azipeleke kwenye kudai ile 420,000 iliyopitia kwa wakili wa kwanza pamoja na kufuata akaunti ya ile milioni moja na nusu. Mzee wa fimbo hajapatikana. Kijana aliyemshika mkono amekamatwa, na anachosema ni kwamba mzee yule hata yeye hamjui jina lake la kweli, alikodiwa kwa siku mbili.